Kukagua poni wa hifadhini: anza kwa kuhesabu

Jumamosi iliyopita nilimpeleka shemeji yangu kwenye zamu yake ya kwanza ya kukagua poni, wale farasi wa umbo dogo. Hata dakika kumi hazijapita, akanishika mkono: "Shemeji, yule kafa." Hajafa. Alikuwa mtoto wa farasi kajinyoosha ubavu juani, miguu kaitupa huku na huku. Ndivyo wanavyolala. Basi naandika haya kwa yeyote aliyejitolea kazi hii huku Uingereza na hajawahi kuishi na farasi. Mimi nimekulia Lamu, punda kila kichochoro, na bado nilipata tabu.

Kundi letu ni poni wa aina ya Exmoor, kwenye vilima vya chaki vya South Downs, kusini mwa Uingereza. Hawapandwi wala hawabebi mzigo. Kazi yao ni kula majani magumu na vichaka vichanga, ili maua mafupi yapate jua na vipepeo wapate pa kutua.

Hatua ya 1: Vifaa

Gambuti, darubini, daftari, penseli. Penseli, si kalamu ya wino, maana manyunyu ya huku hayaishi. Wenzangu wengi hutumia programu ya simu. Mimi siitaki, skrini haisikii kidole kilicholowa. Karoti ziache nyumbani. Poni aliyezoea kulishwa huishia kung'ata wapita njia.

Hatua ya 2: Hesabu

Hapa ndipo nilipopotezea saa tatu, mwaka wangu wa kwanza. Orodha inasema 15, mimi naona 14. Nikapanda kilima, nikashuka bondeni, nikapekua vichaka hadi nikachanika koti. Kumbe wa 15 alikuwa palepale nilipoanzia. Wakati wa nzi poni husimama wawili wawili wamegeuziana, kila mmoja akimpepea mwenzake uso kwa mkia. Ukiwatazama kwa ubavu, unaona mmoja.

Kosa la kinyume ni baya zaidi. Wiki chache baadaye nilihesabu 15, nikaenda zangu nyumbani nimeridhika. Nilikuwa nimemhesabu mmoja mara mbili, na aliyekosekana alikuwa chini bondeni, anachechemea, peke yake. Mgonjwa ndiye hujitenga, kwa hiyo hesabu ikikosewa, anayekuponyoka ni yule hasa uliyemfuata.

Shida ni kwamba Exmoor wanafanana mno. Hawana baka jeupe hata moja. Wote ni wa kahawia, na pua imepauka kama aliyeichovya kwenye uji. Usitegemee rangi. Tazama nywele za shingo zimelalia upande gani, tumbo, urefu wa mkia. Mimi nimemchora kila mmoja daftarini, ubavu wa kushoto na wa kulia, kwa sababu akigeuka anakuwa mwingine.

Simama mahali pa juu. Usihesabu wakiwa wanatembea. Hesabu kutoka kushoto kwenda kulia, kisha urudi kulia kwenda kushoto. Namba zikipishana, anza upya. Mkiwa wawili, kila mtu ahesabu kimoyomoyo, maana kwa sauti mmoja atamfuata mwenzake. Kukiwa na ukungu, rudi mchana. Na mmoja akikosekana usikimbilie vichakani kama mimi: subiri robo saa, kisha fuata uzio, kisha nenda penye maji.

Hatua ya 3: Mtazame kila mmoja

Kwa mbali, kwa ubavu, usimguse. Akipumzisha mguu wa nyuma, hana neno. Akipumzisha wa mbele, ana maumivu. Akijitazama ubavuni, akaparapara ardhi na kugaagaa mara kwa mara, ni tumbo. Piga simu hapohapo.

Majira ya kuchipua, majani huwa matamu, na poni mnene hupata laminitisi, ugonjwa wa kwato. Utamwona ameegemea nyuma, miguu ya mbele kaitanguliza, akitembea kama anayekanyaga makaa. Huyo naye hangoji kesho.

Majira ya baridi manyoya hudanganya: mifupa inatokeza chini yake na wewe unaona mnyama wa duara. Tazama uti wa mgongo na nyonga upepo unapoyalaza manyoya.

Hatua ya 4: Maji, uzio, geti

Unajua la kufanya. Ila ukikuta lile gugu la maua ya njano, ragwoti, limeng'olewa likaachwa chini, liripoti. Likikauka uchungu hupungua, wanalila, nalo huharibu ini.

Hatua ya 5: Ripoti

Andika ulichokiona, si ugonjwa unaoudhania; hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. "Mguu wa mbele wa kushoto, anachechemea akishuka" inatosha. Tuma hata kama wote wazima, ili mhifadhi ajue kuna aliyefika.

Ya shemeji ilikuwa na mstari mmoja: "Wako 15. Mmoja amelala tu."