Kuamsha Massey Ferguson 135 Iliyolala Miaka Bila Kuivunja

Kuanzia Njoro na Mau Narok hadi Kitale, na kushuka mpaka mashamba ya miwa ya Chemelil na Muhoroni, bado zipo Massey Ferguson 135 zilizoegeshwa nyuma ya ghala au chini ya mti, tairi zimeishiwa upepo na boneti imeota kutu. Trekta hii iliundwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwishoni mwa 1964 hadi 1975. Mwongozo huu unahusu zile zenye injini ya dizeli ya Perkins AD3.152: silinda tatu, lita 2.5, nguvu za farasi kama 45.

Kinachoua trekta ya namna hii mara nyingi si miaka ya kulala. Ni siku ya kuamshwa. Betri ya lori inaletwa, dizeli mpya inamiminwa juu ya ile kuukuu, stata ikigoma trekta inafungwa mnyororo na kuvutwa. Kabla moshi haujatoka, pushrodi (fito zinazosukuma vali) zimepinda na ringi zimekatika ndani ya silinda. Ukifuata mpangilio ulio hapa chini utachelewa wiki moja au mbili, lakini utabaki na injini yako.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kulipa

Linganisha nambari kwenye bamba la trekta na nambari iliyopigwa kwenye bloku ya injini na zile za logibuku. Injini nyingi zimewahi kubadilishwa. Hilo si kosa, ila lisiporekebishwa kwenye hati litakusumbua siku ya kuhamisha umiliki.

Trekta hii haina chasisi kama ya lori. Injini, giaboksi na difu zimefungwa boliti moja kwa moja na ndizo mwili wenyewe. Kwa hiyo safisha matope sehemu zinapokutana, upitishe tochi na brashi ya waya ukitafuta ufa au mshono wa kulehemu. Trekta iliyowahi kukatika kiunoni na kulehemiwa, iache.

Spea zisikutishe. MF 240 iliyokuja baadaye ilitumia injini hiyohiyo ya AD3.152, na trekta za ukoo huu zimeendelea kuundwa India na Pakistan, kwa hiyo ringi, gasketi, beringi na filta si haba kwenye maduka ya spea za trekta Nakuru, Eldoret na Kitale. Beba kile cha zamani mkononi ukalinganishe. Usinunue kwa kutaja jina tu. Vinavyouma mfukoni ni pampu ya dizeli, mfuniko wa haidroliki na mabati ya mbele, hasa grili na boneti yenyewe. Bei ya trekta ianze na hivyo.

Hatua ya 2: Toa kilichomo

Legeza nati ya oili ya injini polepole sana bila kuitoa. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yamekaa chini na yatatangulia kutoka. Kikombe kimoja cha maji safi kinaweza kuwa ni mvua iliyoingia kupitia bomba la moshi lisilofunikwa. Maji yenye rangi ya rediata yanamaanisha gasketi ya hedi, ufa, au slivu (bomba la ndani ya silinda) iliyoliwa na kutu. Oili iliyozidi kipimo na inayonuka dizeli inaelekeza kwenye kiwambo kilichopasuka cha pampu ndogo ya kuvuta dizeli iliyo ubavuni mwa injini. Kibadilishe sasa, kwa sababu dizeli ikiendelea kuchanganyika na oili beringi za krenki zitaisha.

Badilisha filta, jaza oili ya 15W-40. Inaingia kati ya lita 6 na 7, lakini mwenye neno la mwisho ni kijiti cha kupimia.

Hatua ya 3: Izungushe kwa mkono

Hapa ndipo subira inapohitajika kuliko mahali pengine popote.

Ondoa nozeli zote tatu, zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda. Kila moja imeshikwa na nati mbili. Zilowanishe kwa mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, na uzifungue kwa zamu, robo mzunguko kila upande, ili nozeli isiinamie upande mmoja. Ikitoka, hakikisha washa yake ya shaba imetoka pia. Washa ikibaki chini na ukaweka mpya juu yake, nozeli itakaa juu kuliko inavyotakiwa, dizeli itapigwa mahali pasipofaa, na utahangaika na moshi mweusi bila kujua chanzo.

Mimina kwenye kila silinda kama mililita 50 za mchanganyiko wa dizeli na ATF (oili ya giaboksi za otomatiki), nusu kwa nusu. Ziba mashimo kwa vitambaa safi, uache siku tatu. Kisha, gia ikiwa nyutro, shika nati ya puli ya krenki kwa spana ndefu. Sukuma mbele kidogo, rudisha nyuma kidogo. Ikigoma, ongeza mchanganyiko na uache siku nyingine tatu. Usirefushe spana kwa bomba la futi sita, na usivute trekta kwa nyingine: ringi iliyoshikana na ukuta wa silinda itakatika, na kipande chake kitachora slivu.

Kabla ya kuizungusha mzunguko mzima, fungua kifuniko cha roka. Gonga kila vali taratibu kwa nyundo ya plastiki. Inatakiwa kushuka na kurudi. Vali iliyoganda katika gaidi yake haitarudi, na pushrodi itakapoisukuma kitu lazima kipinde. Dondoshea mafuta kwenye shina la vali, gonga, ngoja, rudia.

Ikiwa baada ya wiki mbili injini haijatikisika, ondoa hedi. Huenda maji yamekaa juu ya pistoni moja, na hapo slivu itahitaji kubadilishwa kwa vyovyote. Wakati wa kurudisha hedi, kaza nati kutoka katikati kuelekea nje, kwa awamu tatu, mpaka futi-pauni 60, kisha uzipitie tena injini ikishapata moto.

Hatua ya 4: Pima tapeti

Injini ikiwa baridi, nafasi kati ya roka na vali ni milimita 0.30, ikiwa moto, 0.25. Zungusha krenki mpaka vali mbili za silinda ya kwanza ziwe zinabadilishana, moja inamaliza kufunga na nyingine inaanza kufungua. Weka alama ya chaki kwenye puli, zungusha duru moja kamili, kisha pima vali zote mbili za silinda hiyo. Rudia kwa ya pili na ya tatu.

Hatua ya 5: Njia ya dizeli, kuanzia tangi

Dizeli iliyokaa miaka huacha ute mweusi pale ilipokutana na maji. Tangi liko juu ya injini, chini ya boneti. Lishushe, tia dizeli lita tano na kokoto safi au kipande cha mnyororo, ulitikise na kumwaga mpaka kinachotoka kiwe safi. Hesabu kokoto wakati wa kuingiza na wakati wa kutoa. Pulizia mabomba kwa upepo wa kompresa, badilisha filta pamoja na mipira yake yote. Mpira wa zamani ulionyauka hauvujishi dizeli nje, unaingiza hewa ndani, na ndiyo sababu trekta hukubali kuwaka kisha ikazima baada ya dakika mbili.

Nozeli zipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kuzipima. Usizijaribu ukiwa umezishika mkononi: mnyunyizo wake unapenya ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbiza hospitali. Pampu ya CAV (pampu kuu ya dizeli) nayo, ikiwa imeganda au inavuja, iende huko huko. Si kazi ya kufanyia juu ya meza yenye vumbi.

Sasa toa hewa, kwa mpangilio huu:

1. Legeza skrubu iliyo juu ya filta, piga kijiko cha pampu ndogo mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Kijiko kikiwa hakina nguvu, eksentriki ya kamshafti imekisukuma tayari. Zungusha krenki duru moja, kitarudi.
2. Legeza skrubu ya ubavuni mwa pampu ya CAV, kisha ile ya juu kwenye kifuniko cha gavana. Endelea kupiga kijiko, kaza moja baada ya nyingine.
3. Legeza mabomba matatu kwenye nozeli. Eksileta iwe wazi kabisa, kamba ya kuzimia iwe ndani. Piga stata mpaka dizeli itoke kwenye yote, kisha kaza.

Stata isizidi sekunde 15 kwa mara moja, na ipumzike dakika mbili.

Hatua ya 6: Hewa na maji

Udongo wa volkano wa Nakuru ukikauka hutoa vumbi jembamba linalokula ringi haraka kuliko kazi yenyewe. Kichujio cha hewa cha 135 ni cha kuogea oili. Osha bakuli na waya zake kwa dizeli, jaza oili ya injini mpaka mstari, usipitishe. Ikizidi, injini huivuta na kuichoma. Wakati wa kulima kiangazi, kiangaliwe kila asubuhi.

Rediata na injini hubeba karibu lita 10. Suuza mpaka maji yatoke meupe, kisha tia kuulanti, usitie maji ya mto. Kama themostati iliondolewa, rudisha. Watu huiondoa wakidhani wanazuia joto, lakini injini inayofanya kazi ikiwa baridi huchafua oili na kumaliza silinda mapema.

Hatua ya 7: Kuwasha

Vuta kamba ya kuzimia, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili isogee. Hapo tu ndipo uirudishe ndani na kuwasha. Mtu wa pili asimame karibu na mdomo wa hewa akiwa na kipande cha ubao bapa. Vali ya ndani ya pampu ikiganda ikiwa wazi, injini itapanda kasi bila kukoma na kamba haitaizima. Kuziba hewa kutaizima. Atumie ubao, asitumie kiganja. Asubuhi za baridi ya Molo washa hita ya manifoldi sekunde 15 hadi 20 kwanza, na usipulize etha pamoja nayo, kwa sababu hulipuka.

Geji isiposogea ndani ya sekunde 10, zima. Injini ikishapata moto na kufika kasi ya kazi, shinikizo liwe kati ya psi 30 na 60. Moshi mweupe kwa dakika chache ni wa kawaida. Ukiendelea na injini inakosakosa, rudi kwenye nozeli na hewa.

Hatua ya 8: Giaboksi na haidroliki

Oili ya gia na ya haidroliki ni moja, takriban lita 30. Ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, maji yameingia kupitia mpira wa gialeva uliopasuka. Fungua nati zote za chini, acha itiririke usiku kucha, osha kichujio cha pampu ya haidroliki, badilisha mpira huo. Jaza oili ya trekta ya kazi zote mbili. Wapo wanaotia oili ya gia nambari 140 ili kuzima kelele; asubuhi pampu hushindwa kuivuta, na hapo ndipo inapoanza kuharibika.

Kabla ya kumlaumu fundi kwamba mikono ya kuinulia haiinuki, angalia kama leva ya PTO (shafti ya nyuma inayoendesha mashine) imeingia, kwa maana shafti hiyo ndiyo inayozungusha pampu. Ikiwa imeingia na mikono bado haiinuki, zima injini, punguza oili, fungua bamba la ubavuni kulia, na utikise vali ya kudhibiti mbele na nyuma kwa bisibisi. Baada ya miaka ya kulala mara nyingi huwa imeganda tu. Ikiinua plau tupu lakini ikashindwa na mzigo, tazama vali ya kupunguza shinikizo. Ikiinua kisha ikawa inashuka na kupanda yenyewe kidogo kidogo, kuna uvujaji kwenye pistoni ya kuinulia au gasketi zake.

Ukilazimika kuitenganisha kiunoni, gongomea kabari za mbao kati ya eksili ya mbele na kichwa kinachoibeba. Eksili hiyo huchezea kwenye pini moja, na bila kabari nusu ya mbele itapinduka.

Hatua ya 9: Breki, umeme, rangi

Kwa trekta zilizofanya kazi kwenye udongo mweusi wa Kano au majaruba ya Ahero, chukulia kwamba sili za eksili ya nyuma zimekwisha mpaka uthibitishe vinginevyo. Bitana za breki zilizolowa oili hazioshwi wala hazichomwi. Badilisha pamoja na sili. Pedali mbili ziunganishwe kwa kufuli lake kila uingiapo barabarani, la sivyo breki ya gurudumu moja itaitupa trekta kando.

Kabla ya kufunga alteneta mahali pa dainamo, angalia ni waya gani wa betri uliofungwa kwenye mwili. Baadhi ya trekta za Uingereza za zamani zilifungwa chanya, na alteneta ya kawaida itaungua papo hapo.

Rangi ni ya mwisho: nyekundu kwenye boneti na madigadi, kijivu kwenye injini na giaboksi, fedha kwenye rimu. Ipake alfajiri kabla ya upepo na vumbi, juu ya praima, baada ya trekta kufanya kazi saa 50 hivi, kumwaga oili ya kwanza, kupima tapeti upya na kuziba kila panapovuja.