Kabla Hujaingia Kundi la Kuacha Sigara: Maandalizi kwa Mgeni wa Nyanda za Juu Kusini

Wageni wengi huingia kundi la WhatsApp la kuacha sigara usiku, baada ya kukohoa sana au kugombana nyumbani, na huandika neno moja tu: "Nisaidieni." Tunawapokea kwa moyo mmoja. Ila msaada wa wenzako walio Uyole, Mafinga au Tukuyu, watu wasiokuona wala kusikia unavyohema, hutegemea sana kile ulichokiandaa kabla. Anayekuja na tarehe, anayezijua saa zake ngumu na mwenye mtu mmoja wa kumpigia, tunajua pa kumshika. Anayekuja na kiapo peke yake hutuwia vigumu kumsaidia, hata tukimpenda vipi. Nawaandikia haya wanaofikiria kuingia, na wenyeji wanaowapokea wayasome pia.

Anza kwa kujichunguza siku tatu nne ukiwa bado unavuta. Usipunguze chochote kwanza. Andika kwenye simu kila unapowasha: saa ngapi, uko wapi, uko na nani, umetoka kufanya nini. Utashangaa jinsi sigara nyingi zinavyofuata mambo yaleyale, yaani chakula cha mchana, kushusha abiria, simu ya mtu anayekudai. Kisha jibu swali moja lenye uzito kuliko yote: ukiamka, hupita muda gani kabla ya sigara ya kwanza? Anayewasha ndani ya nusu saa ana uraibu mkubwa wa nikotini, na mpango wake lazima uwe mzito kuliko wa anayevuta jioni kilabuni. Wahudumu wa afya hutumia swali hilohilo kupanga kiwango cha dawa. Ukituletea jibu lake, litatusaidia kuliko kutuambia umevuta kwa miaka mingapi.

Chagua tarehe, na isizidi wiki mbili mbele. Arosto, yaani mateso ya mwili ukiikosa nikotini, hupanda zaidi siku mbili tatu za mwanzo: hasira za karibu, usingizi wa mang'amung'amu, njaa isiyoisha, kichwa kushindwa kutulia kwenye kazi. Halafu hushuka taratibu, na kwa wengi hupoa ndani ya wiki 2 hadi 4. Kwa hiyo siku tatu hizo za kwanza zisiangukie harusi, mnada wala mwisho wa mwezi pesa ikiwa mfukoni. Ndugu zetu wa Iringa na Njombe waangalie pia msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Masika ulanzi ukiwa umejaa kila kona, mtu hukaa chini kwa kikombe kimoja na kuinuka ameshavuta pakiti nzima. Pombe ikae pembeni wiki hizo za mwanzo, iwe ulanzi, komoni au bia. Kwaresima na Ramadhani zimewasaidia wengi kuanza, kwa sababu nyumba nzima tayari inajizuia.

Huku kwetu kuna jambo ambalo makundi ya Dar es Salaam hayaligusi kabisa, nalo ni baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti mtu anaamka alfajiri kuwahi mzigo Mwanjelwa, au anawasha bodaboda Makambako vidole vikiwa vimekufa ganzi, na sigara anaiona kama jiko la mfukoni. Nimesikia mara nyingi: "Nitaacha baridi ikiisha." Mwili unasema kinyume. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu kwenye ngozi, hivyo damu inayofika vidoleni inapungua, na mkono wa mvutaji hupoa zaidi baada ya kuvuta. Joto analolisikia ni la moshi kooni. Ukiacha, mzunguko wa damu huanza kuwa bora ndani ya wiki 2 hadi 12, kwa hiyo anayeacha Mei anaweza kuumaliza msimu wa baridi akiwa na vidole vyenye nafuu. Andaa glavu, soksi nzito na chupa ya chai yenye tangawizi, uvitumie saa zilezile ulizoziandika. Mkono usikae mtupu.

Hiyo chai nayo ina neno. Tunaishi kati ya chai ya Rungwe na Mufindi na kahawa ya Mbozi, na kunywa tunakunywa. Moshi wa sigara hulifanya ini lisage kafeini kwa kasi. Ukiacha kuvuta, kasi hiyo inapungua, na vikombe vilevile ulivyozoea vinaacha kafeini nyingi zaidi mwilini. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi unakimbia, na mtu anahitimisha kwamba arosto imemshinda kumbe ni kahawa. Kata chai ya rangi na kahawa kwa nusu tangu siku ya kwanza. Baada ya saa kumi jioni, maji ya moto na tangawizi yanatosha.

Jambo hilohilo linagusa dawa, na hapa naomba mtu asipite haraka. Anayetumia aminofilini au theofilini kwa ajili ya pumu, au olanzapini au klozapini kwa ajili ya afya ya akili, amwone daktari wake kabla ya tarehe aliyochagua. Moshi ukikoma, dawa hizo hupanda kwenye damu ingawa dozi haijabadilika, na huenda ikabidi ipunguzwe. Mwenye kisukari naye aseme, kwa sababu sukari inaweza kubadilika. Mambo haya si ya kuamuliwa kundini. Kazi ya kundi ni kumuuliza mgeni, "Kuna dawa unatumia?", kisha kumsukuma aende kliniki.

Kuna dawa za kusaidia kuacha, na kuzitumia hakumpunguzii mtu ushujaa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2024 lilitoa mwongozo wa matibabu ya kuacha tumbaku kwa watu wazima, likapendekeza nikotini mbadala (kama jojo ya nikotini), vareniklini, bupropioni na saitisini, pamoja na ushauri. Dawa na ushauri vikienda pamoja hufanya kazi vizuri kuliko kimoja kikiwa peke yake. Ulizia hospitali ya rufaa au duka kubwa la dawa kabla ya tarehe, usisubiri siku ya pili ukiwa umeshika kichwa. Ukipata jojo ya nikotini, usiitafune mfululizo kama jojo ya watoto. Itafune polepole hadi usikie ukali, iegeshe kati ya shavu na fizi, ukali ukiisha itafune tena. Ukiitafuna haraka unameza nikotini, unapata kwikwi na kiungulia, halafu unasema dawa haifai. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo wamwone daktari kwanza. Shisha na ugoro visiingizwe kwenye hesabu ya dawa, maana tumbaku ni ileile.

Sasa kundi lenyewe. Namba yako itaonekana na kila aliyemo. Kwa mwalimu, mwinjilisti, au dada anayevuta kwa siri, hilo ni jambo zito, na kulifikiria mapema si uoga. Muulize msimamizi wa kundi nani wamo na anafanya nini mtu akipeleka nje maneno ya mwenzake. Tumia jina moja, ondoa picha yako kama unahitaji, zima upakuaji wa picha wa moja kwa moja ili bando lisiliwe na video za salamu. Siku tatu za kwanza nunua bando la wiki, kwa sababu la siku lina tabia ya kuisha saa nne usiku, saa ambayo hamu ndiyo imekomaa. Dereva anayekwenda Tunduma na kijana anayefanya kazi ya mbao kwenye misitu ya Sao Hill wabaki na salio la ujumbe wa kawaida, mtandao ukikatika wampate mwenzao. Wa bodaboda asimame kwanza, azime pikipiki, ndipo arekodi ujumbe wa sauti.

Atakayekufuata pembeni akiuza mitishamba ya kuacha sigara kwa siku moja, usimtumie pesa. Mtaje kwa msimamizi, atolewe.

Mwenzi mmoja wa karibu ni lazima. Kundi la watu wengi linaweza kulala lote, lakini mtu mliyepatana anajua simu yako ya saa tano usiku ina maana gani. Chagua aliyekutangulia kidogo, anayekumbuka bado wiki yake ya kwanza. Kwa dada zetu, ni vyema mwenzi awe mwanamke, ili simu hizo za usiku zisizue maneno nyumbani. Na nyumbani kwenyewe sema mapema. Mwambie mke au mume wako kwamba kwa wiki kadhaa unaweza kuwa na hasira zisizo na sababu, na kwamba hazimhusu. Pekua makoti yote mazito, mifuko ya ndani na ya nje, maana vipisi na viberiti hukaa humo tangu mwaka jana. Hesabu sigara zako za siku, zidisha kwa bei unayonunulia kibandani moja moja, na hela hiyo iingie kwenye kibubu kila jioni. Kibubu chenyewe kinunuliwe kabla.

Msiba ndio unaowaangusha wengi, na msiba hauna tarehe. Wanaume tunakaa nje kuzunguka moto mpaka alfajiri, baridi kali, pakiti inapita mkono kwa mkono, na kukataa cha mzee kunaonekana kama kujitenga. Andaa sentensi yako sasa hivi ukiwa umetulia: "Shikamoo mzee, nashukuru, kifua kimenikatalia." Kifua hakibishaniwi. Kisha omba kazi. Anayeshika daftari la rambirambi hukaa mezani, mbali na moto, na hakuna anayemuuliza kwa nini havuti. Kupasua kuni na kuchota maji pia kunafaa. Kabla hujatoka nyumbani andika kundini kwamba unakwenda msibani na utalala huko. Mmoja wetu atakesha na wewe.

Kuandika kwenyewe kuna wakati wake, na hili ndilo ningependa mgeni alishike kuliko yote: andika kabla ya kuwasha. Hamu kali haidumu, hupanda na kushuka ndani ya dakika chache. Dakika hizo ndizo ambazo ujumbe na majibu yake yanaweza kuzijaza. Anayeandika baada ya kuvuta tunamfariji, lakini nafasi ya kumsaidia imepita. Hujui useme nini? Ujumbe uwe tayari kwenye simu yako, unatuma tu: "Niko Kabwe, nimetoka kula, mkono unatafuta fegi. Niulizeni chochote." Haihitaji maneno mazuri, wala usiogope kwamba unasumbua.

Wenyeji nao wajibu kwa maswali mafupi. Uko na nani hapo? Maji unayo? Unaweza kuvuka barabara, ukae upande wa pili? Anayeingia akikuta salamu za kwetu, "Kamwene" au "Ugonile", na jina lake likitajwa, anajua yuko kwa watu. Akikuta picha ya mapafu yaliyooza anaogopa, na mvutaji akiogopa anatafuta sigara. Habari njema zipo na ni za kweli, tumpe hizo: dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo huanza kushuka, ndani ya saa 12 kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, hurudi kiwango cha kawaida kwenye damu, baada ya mwaka 1 hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inakuwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Kwa sisi tunaoishi kwenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi, ambako hewa ni nyepesi, kuiondoa kaboni monoksaidi inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu si jambo dogo.

Mkulima wa tumbaku wa Chunya akiingia, apokewe bila kuulizwa analima nini. Shamba linasomesha watoto wake na ni suala jingine. Akumbushwe tu kuvaa glavu na mikono mirefu anapovuna majani yenye umande, kwa sababu nikotini hupenya ngozini na kumletea kichefuchefu na kizunguzungu, na huko ni kuendelea kuilisha hamu anayopambana nayo.

Kuteleza kuandaliwe pia. Wengi hujaribu zaidi ya mara moja kabla ya kuacha moja kwa moja. Kubaliana na mwenzi wako mapema kwamba ukivuta moja utamwambia siku hiyohiyo, utaitupa pakiti iliyobaki, na hutajitoa kundini. Anayejitoa kwa aibu ndiye anayerudi kwenye pakiti nzima. Msimamizi asimfute mtu kwa kuteleza.

Mwisho ni kikohozi. Wiki za kwanza mapafu yanajisafisha na unaweza kukohoa zaidi kuliko ulipokuwa unavuta. Hilo hutokea. Lakini kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho jingi usiku, kupungua uzito au makohozi yenye damu visiachwe vikaitwa arosto, hasa katika mikoa yetu ambako VVU viko juu na uvutaji wenyewe huongeza hatari ya kifua kikuu. Yeyote mwenye dalili hizo, awe ameacha au bado, aende kituo cha afya wiki hiyohiyo. Vipimo na matibabu ya kifua kikuu hutolewa bure kwenye vituo vya serikali.