Somo: Kulinda utafiti wa chuo, kuanzia shambani na maabarani hadi kwenye barua pepe

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya wanafunzi wa uzamili na uzamifu, mafundi wa maabara na wahadhiri wa vyuo vya huku kwetu Kenya, kuanzia Njoro hadi Maseno, Bondo na Kakamega. Nimechagua kulipanga kwa hatua, ingawa hatua zenyewe hazina uzito sawa, na ile ya pili nitaikalia zaidi kwa sababu ndiko ninakoona tunapoteza mali nyingi.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wengi wakisikia neno ujasusi huwaza makombora na mitambo ya nyuklia, kisha hujiambia kuwa chuo kinachopanda maharagwe hakina cha kuibiwa. Kesi zilizofika mahakamani zinasema vingine. Mnamo 2011, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, mfanyakazi wa kampuni ya mbegu alimkuta mtu asiyemfahamu amepiga magoti katika shamba la majaribio ya mahindi. Uchunguzi ulioendelea uliishia kwa Mo Hailong, raia wa China, ambaye mwaka 2016 alikiri kushiriki njama ya kuiba mbegu wazazi, zile zinazochanganywa ili kupata mbegu chotara, za kampuni za DuPont Pioneer na Monsanto, akahukumiwa kifungo cha miaka 3. Mwaka 2018, katika jimbo la Kansas, mtafiti wa mpunga aitwaye Weiqiang Zhang alifungwa miezi 121 kwa kuchukua mamia ya mbegu za mwajiri wake, mpunga uliotengenezwa ili uzalishe protini za matibabu. Mbegu zilikuwa zimehifadhiwa nyumbani kwake, na baadhi zilikamatwa katika mizigo ya wageni waliokuwa wakirejea China. Mtu anayefanya kazi ya mbegu Njoro hahitaji kuelezwa kwamba mkebe wa mbegu wazazi ni miaka kumi ya jasho iliyofungwa kwenye bahasha.

Hatua ya kwanza: jua ulicho nacho, na uamue kipi ni cha wazi

Usifunge kila kitu. Mbinu ya kuotesha mmea wa desmodiamu katikati ya mahindi ili kufukuza viwavi vya bua na kuua gugu la kiduha, iliyokuzwa katika kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kule Mbita, ilikusudiwa imfikie mkulima bila kizuizi, na kuificha kungekuwa kuiua. Vivyo hivyo, vitalu vya ngano vya Njoro, ambako aina za ngano kutoka nchi nyingi hupimwa dhidi ya ugonjwa wa kutu ya shina wa aina iitwayo Ug99, vina maana kwa sababu milango imefunguliwa kwa utaratibu unaojulikana na pande zote.

Chukua karatasi uandike mafungu matatu. La kwanza ni la mambo yaliyo wazi tangu mwanzo. La pili ni la mambo yanayofungwa kwa muda: data ambazo hazijachapishwa, vizazi vya mbegu tunavyotumia kuzalisha aina mpya, michoro ya kifaa ambacho hakijaombewa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi, yaani patent), pendekezo la ufadhili ambalo bado liko mezani. La tatu ni la mambo yanayobaki yamefungwa, hasa taarifa za wagonjwa na za jamii zilizotuamini, kama zile zinazokusanywa katika tafiti za malaria Siaya na Kisumu. Kwa kila kitu cha fungu la pili na la tatu andika kiko wapi, nani ana ufunguo, na nani ana nakala. Ukishindwa kujibu swali la nakala, hapo ndipo pa kuanzia kazi.

Hatua ya pili: karatasi itangulie sampuli

Hapa kwetu mfano uko karibu, mwendo mfupi kaskazini mwa Nakuru. Ziwa Bogoria lina maji ya magadi na chemchemi zinazochemka, na ndani yake wanaishi vijidudu ambao vimeng'enya vyao (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia) hustahimili hali hiyo. Mwaka 1992 watafiti waliohusiana na Chuo Kikuu cha Leicester cha Uingereza walikusanya sampuli katika maziwa yetu ya magadi, na baadaye vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu hao vikawa bidhaa za kampuni ya Genencor, vikitumika katika sabuni za kufulia na katika kuchujisha rangi ya suruali za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilijitokeza kudai sehemu ya faida, likisema halikutoa idhini ya biashara hiyo. Siandiki haya ili kumhukumu yeyote. Ninachotaka mwone ni kwamba mvutano wote uligeuka kuwa mvutano wa karatasi: nani alimruhusu nani, achukue nini, kwa matumizi gani. Mwaka huo wa 1992 ndio Mkataba wa Bayoanuwai, mkataba wa kimataifa wa kulinda aina za viumbe, ulitiwa saini, lakini kanuni zetu za kupata rasilimali za kijenetiki na kugawana manufaa zilikuja mwaka 2006, miaka 14 baada ya chupa za sampuli kuondoka.

Leo hatuna kisingizio hicho. Mtafiti anahitaji leseni ya NACOSTI, tume iliyoundwa chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, na mtafiti wa kigeni hana budi kujiunga na taasisi ya hapa nchini. Anayetaka rasilimali za kijenetiki anahitaji pia kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, ambacho hutanguliwa na ridhaa ya wenye rasilimali, na sampuli hazitoki nje bila mkataba wa uhamishaji wa sampuli. Mimea na mbegu hupitia KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea. Sampuli za binadamu zina kamati ya maadili na Wizara ya Afya. Kenya imo pia katika Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa ya kugawana manufaa ya rasilimali za kijenetiki, iliyoanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, kwa hiyo mshirika mwaminifu wa Ulaya naye atataka karatasi hizo, kwani kwao ataulizwa.

Mkataba wa uhamishaji usome mwenyewe, hata kama afisa wa sheria wa chuo ameusoma. Tafuta mambo manne: sampuli zitatumika kwa kazi gani tu, zinaweza kupelekwa kwa mtu wa tatu au la, matokeo na hataza ni za nani, na kitakachobaki kitarudishwa au kuharibiwa lini. Ongeza la tano ambalo mikataba ya zamani huliacha, nalo ni mfuatano wa jeni, yaani taarifa za urithi za kiumbe zikiwa zimeandikwa kama data. Siku hizi mtu hahitaji kubeba kijidudu chenyewe; akiisha kusoma jeni zake na kuziweka kwenye kompyuta, kijidudu kimesafiri bila kupita uwanja wa ndege. Niliwahi kushuhudia kikasha cha barafu kikifungwa alasiri ya Ijumaa, mgeni akiwahi ndege ya Kisumu, nasi tukaambiana kuwa mkataba utasainiwa Jumatatu. Jumatatu hiyo haijafika hadi leo.

Hatua ya tatu: mpokee mgeni kwa ukarimu ulioandikwa

Kabla hajafika, idara iwe na majibu ya maandishi: anatoka wapi, nani anamlipa, anakuja kujifunza nini, ataingia vyumba vipi, na nani atakuwa mwenyeji wake. Mpe akaunti ya mgeni kwenye mtandao wa chuo, si nywila ya mwenyeji. Mpe kompyuta ya idara kwa data za idara, na flashi yake ibaki mfukoni. Akiondoka, akaunti ifungwe siku hiyo hiyo na funguo zirudi.

Utaratibu huu uwe mmoja kwa kila mgeni. Marekani ilianzisha mwaka 2018 mpango wa kuwasaka wezi wa siri waliohusishwa na China, na ukafungwa Februari 2022 baada ya kulaumiwa kwa kuwatia shakani wanasayansi kwa asili yao. Mashtaka dhidi ya Profesa Gang Chen wa chuo cha MIT yalifutwa Januari mwaka huo, baada ya mwaka mzima wa fedheha. Tukianza kuchungua pasipoti badala ya kuchungua mwenendo, tutamtesa mwanafunzi asiye na hatia na kumwachia mwenzetu wa nyumbani anayenakili data usiku.

Hatua ya nne: linda barua pepe, kwa maana ndiyo mlango mkuu

Mwezi Machi 2018 Marekani iliwashtaki Wairani 9 waliohusishwa na taasisi iitwayo Mabna. Kwa mujibu wa mashtaka, walilenga akaunti za maprofesa zaidi ya 100,000, wakafanikiwa kuingia katika takriban 8,000, katika vyuo 144 vya Marekani na 176 vya nchi nyingine 21. Njia yenyewe haikuwa ya ajabu. Profesa alipokea barua ya adabu kutoka kwa mtu aliyejifanya profesa wa chuo kingine, ikisifu makala yake na kumpa kiungo cha makala nyingine. Kiungo kilimpeleka kwenye ukurasa uliofanana na wa chuo chake, ukimtaka aingie upya, naye akaandika nywila yake.

Kwa hiyo, usiingie kwenye maktaba au barua pepe ya chuo kupitia kiungo ulichotumiwa. Andika anwani mwenyewe. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Nywila ya chuo isitumike kwingine. Data za fungu la pili na la tatu zisikae kwenye kundi la WhatsApp wala kwenye barua pepe binafsi, na najua ninawaudhi wengi hapa, kwa sababu mtandao wa chuo ukikatika ndivyo sote tunavyofanya. Idara ikiwa na hifadhi moja iliyosimbwa (isiyosomeka bila ufunguo), yenye nakala ya akiba iliyofungiwa mahali pengine, watu wataitumia. Isipokuwapo, makatazo hayatasaidia kitu.

Safarini, beba kompyuta isiyo na data za mradi mzima, chukua tu utakachowasilisha.

Hatua ya tano: likitokea, toa taarifa mapema

Usifute chochote na usimkabili mshukiwa peke yako. Andika saa na ulichokiona, kisha mwarifu mkuu wa idara na kitengo cha kompyuta, wabadilishe nywila na kuhifadhi kumbukumbu za mitambo. Kama taarifa za watu zimevuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72, na saa hizo huisha haraka mno katika chuo ambacho barua hupita meza tano. Kuingia kwenye kompyuta bila idhini ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2018 ya makosa ya mtandao, hivyo polisi nao wana la kufanya.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Bondo: Mwalimu, salamu. Msimamizi wangu wa pili yuko ng'ambo, na ndiye aliyenitafutia ufadhili. Anataka data ghafi zote kabla sijaandika hata sura moja. Nitamkataliaje bila kuonekana sina shukrani?

Jibu: Dada, usimkatalie, mrejeshe kwenye makubaliano. Angalia mkataba wa ufadhili unasema nini juu ya umiliki. Kisha mwandikie kwa heshima kwamba utamtumia sehemu anayohitaji kwa uchambuzi mliopatana, majina ya wahojiwa yakiwa yameondolewa, na umwombe mwandike pamoja nani atachapisha nini na kwa mpangilio upi wa majina. Nakala ya barua impate msimamizi wako wa hapa. Msimamizi mwema hatakasirika.

Mwanachama, Kakamega: Sisi tunachunguza mukombero na miti mingine ya dawa. Mzee mmoja alitueleza matumizi ambayo hayajaandikwa popote. Je, hayo ni ya chuo?

Jibu: Hapana, kaka. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi ya mwaka 2016 inayatambua maarifa hayo kuwa ya jamii. Rudini kwa mzee na jamii yake, mweleze mnachofanya kwa lugha anayoielewa, mpate ridhaa ya maandishi na mkubaliane juu ya manufaa. Mtafiti wa hapa anayemnyang'anya mzee wa kijijini hawezi kulalamika Ulaya ikimnyang'anya yeye.

Mwanachama, Njoro: Nimealikwa kuonyesha bango la kifaa changu kwenye kongamano. Nitapoteza hataza?

Jibu: Sheria yetu ya Mali ya Viwanda ya 2001 inakupa miezi 12 baada ya kutangaza mwenyewe, lakini katika mfumo wa Ulaya kutangaza kabla ya kuomba kwa kawaida huua ombi. Peleka ombi KIPI, taasisi yetu inayotoa hataza, kwanza, ndipo utundike bango. Daftari lako la maabara liwe na tarehe na sahihi ya shahidi kwenye kila ukurasa.

Mwanachama, Kisumu: Mtu asiyenijua ameniandikia akitaka nimtungie ripoti fupi kuhusu utafiti wetu, kwa malipo mazuri. Ni ujasusi huu?

Jibu: Huenda ni mshauri wa kawaida tu. Muulize ripoti ni ya nani na itatumikaje, na umwambie mazungumzo yatapitia ofisi ya utafiti ya chuo. Akisisitiza yabaki kati yenu wawili, au akianza kuomba yasiyochapishwa baada ya malipo ya kwanza, acha na utoe taarifa.

Mwanachama, fundi wa maabara: Mwalimu, mkuu wa idara ananiagiza kwa mdomo nimpe mgeni sampuli. Mimi ni mdogo. Nifanye nini?

Jibu: Weka daftari la kutoa sampuli karibu na mlango wa jokofu: tarehe, namba ya chupa, kiasi, namba ya mkataba, jina la aliyeidhinisha na sahihi yake. Akikuagiza, mjibu, "Sawa mkuu, naomba unisainie hapa," umpe kalamu.