Kuchagua Kisu cha Almasi cha Kukatia Sampuli Zilizogandishwa

Kisu hiki hukata sampuli iliyogandishwa kuwa vipande vyembamba mno vya kutazamwa kwa hadubini ya elektroni. Kabla ya kulinganisha bei, amua sampuli zako zinagandishwa kwa njia gani, kwa kuwa hilo ndilo linaloamua kisu. Tishu iliyohifadhiwa kwa dawa na kuloweshwa katika sukrosi ya molari 2.3, kwa mbinu ya mtafiti Tokuyasu, hukatwa kwenye nyuzi -120 hivi za Selsiasi. Ile iliyogandishwa ghafla bila dawa, maji yake yakawa kama kioo, haina budi kubaki chini ya nyuzi -140, la sivyo fuwele za barafu huanza kujitokeza na kuiharibu.

Kazi zote mbili zinahitaji kisu kikavu, kisicho na kibakuli cha maji nyuma ya makali.

Suala gumu ni pembe ya makali. Kisu cha nyuzi 45 huvumilia mkono usiozoea, lakini hukifinya kipande, nacho hutoka kifupi kuliko uso kilikokatwa. Cha nyuzi 25 hakikifinyi sana, ila makali yake ni membamba mno, na mwanafunzi mmoja mwenye haraka anaweza kuyapasua asubuhi moja. Kwa maabara inayoanza, Kampala au Mbarara, mimi ningenunua cha nyuzi 35, na mazoezi yote ya awali yafanywe kwa visu vya kioo.

Upana wa milimita 2 unatosha, kwa sababu uso wa sampuli iliyochongwa vizuri haufiki hata milimita moja, na bei hupanda pamoja na upana. Fedha itakayobaki inunue kisu cha kuchongea, maana kuchonga kwa kisu cha kukatia ni kukimaliza kabla ya wakati wake.

Muulize muuzaji kama kishikio kinaingia katika mashine yenu ya kukatia, na nani atakayekinoa: kazi hiyo hufanywa na watengenezaji walioko ng'ambo, hivyo bila kisu cha pili maabara itakaa bure kwa wiki kadhaa.

Hakikisheni pia upatikanaji wa naitrojeni ya kimiminika, ileile wanayobeba wahimilishaji wa ng'ombe katika mitungi yao. Na kwa kuwa hewa ya Entebbe, kando ya ziwa, imejaa unyevu, kisu kipashwe joto ndani ya kichumba cha kukatia cha mashine yenyewe, katika gesi kavu ya naitrojeni, kabla ya kutolewa, ili jalidi isiyafunike makali.