Msamaha wa kodi ya majengo kwa mzee aliyejijengea: karatasi zinakwama wapi

Wazee wengi hapa Dar wanakatwa kodi ya majengo kwenye LUKU, yani umeme wa kulipia kabla, wakati sheria ilishawasamehe, na mara nyingi sio kwamba wameomba wakakataliwa, ni karatasi tu hazisomani. Inauma kweli. Unakuta bi mkubwa wa Mbagala kajenga nyumba yake chumba kwa chumba miaka na miaka, leo ananunua umeme wa buku tano, elfu moja mia tano inaondoka kwanza, inabaki elfu tatu mia tano, humo humo itoke VAT, tozo ya REA ya umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, asilimia 1, ndo apate yuniti.

Hii kodi ilianza kukatwa kwenye LUKU Agosti 2021. Mwanzo ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, mwaka 2023 ikapanda ikawa 1,500 na 7,500, yani 18,000 na 90,000 kwa mwaka. Anayesamehewa ni mzee wa miaka 60 kwenda juu au mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, kwa nyumba ya makazi anayoimiliki na anayoishi mwenyewe. Shika hayo maneno mawili, anayoimiliki na anayoishi, maana karatasi zote utakazobeba kazi yake ni kuthibitisha hayo mawili pamoja na umri.

Na elewa kitu kimoja mapema: mita haijui umri wa mtu. Siku mzee anatimiza 60 hakuna kinachobadilika kwenye LUKU, makato yanaendelea vile vile mpaka mtu apeleke maombi. TANESCO, shirika la umeme, wao wanakusanya tu kwa niaba, kwa hiyo kwenda kugombana kwenye dirisha lao ni kupoteza nauli. Mambo ya msamaha ulizia kitengo cha mapato cha manispaa au ofisi ya mamlaka ya mapato, TRA, ya eneo lako, wakikuelekeza kwingine nenda, ila karatasi ni zile zile.

Sasa majina. Hapa ndo wengi wanapokwama. Kitambulisho cha taifa, NIDA, kinasema Khadija, mita inasema Hadija, mkataba wa kiwanja wa mwaka themanini na kitu umeandikwa Mama fulani, jina la mtoto wa kwanza! Kwako ni mtu mmoja na mtaa mzima unajua, ila afisa aliyekaa pale anaona watu watatu. Kabla hujatoka nyumbani tandika karatasi zote mezani, kitambulisho cha NIDA, karatasi ya umiliki, na meseji ya LUKU yenye namba ya mita na jina, halafu soma jina herufi kwa herufi. Zikitofautiana kidogo nenda kwa wakili akuandalie hati ya kiapo ya majina, inayotaja majina yote kama yalivyo kwenye kila karatasi na kusema ni mtu mmoja. Yataje yote, usiache hata moja, kuna watu wanaapa kwa majina mawili wakati karatasi zina matatu wanarudishwa tena. Kama mita bado iko kwa jina la aliyekuuzia kiwanja au la fundi aliyekufuatilia umeme enzi hizo, hapo kiapo hakitoshi, nenda TANESCO ubadilishe jina la mteja kwanza.

Umri nao ucheki. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, unaanza mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Kama inaanza na 19620701 basi kwenye mfumo huyo mzee kazaliwa Julai 1, 1962, haijalishi yeye mwenyewe anakwambia alizaliwa mwaka wa mafuriko gani. Wazee wetu wengi walikadiriwa tarehe wakati wa kujiandikisha, na unaweza kukuta mzee ana 63 kwa hesabu za nyumbani ila kwa NIDA ana 58. Huyo ana mambo mawili, arekebishe NIDA kwa vielelezo kama ana cheti cha kuzaliwa cha RITA, au asubiri. Kupeleka maombi kwa matumaini kwamba hawataangalia, hapana, watafungua mfumo mbele yako.

Barua ya serikali ya mtaa. Hii mtu anaidharau kwa sababu anaipata kirahisi, mtendaji anachukua ile barua yake ya kila siku, ya benki, ya dhamana, ya kufungua laini, inasema "mtajwa hapo juu ni mkazi wa mtaa wangu", muhuri pa, asante. Hiyo haikusaidii! Mkazi hata mpangaji ni mkazi. Mwambie kabisa, kwa heshima, "Mtendaji, naomba iandikwe kwamba mama ndiye mmiliki wa nyumba na anaishi humo mwenyewe," halafu iwe na namba ya nyumba ile ya kibao cha anwani za makazi, jina la barabara, na namba ya mita. Wengine mtendaji hawajui vizuri, basi nenda na mjumbe wa shina anayemfahamu mzee, inafupisha maneno. Na jina kwenye barua liwe la NIDA, sio lile la mtaani.

Umiliki: mwenye hati apeleke kopi ya hati, ila kwa nyumba za Manzese, Vingunguti, Buguruni huko watu wana leseni ya makazi au mkataba wa mauziano tu. Leseni iangalie tarehe, ina muda wake, iliyokwisha ihuishe kwanza. Mkataba uwe unasomeka, na kama ni ule wa karatasi ya daftari uliokunjwa mpaka umekatika katikati, upige kopi kadhaa safi leo leo na usiuachie ofisi yoyote orijino.

Mjane ambaye nyumba iko kwa jina la marehemu mumewe, hili nalisema kwa uchungu kwa sababu ndo kundi kubwa. Umri anao, anaishi humo, ila mmiliki kwenye karatasi ni marehemu. Hapo lazima mirathi ifunguliwe kwanza, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, ateuliwe msimamizi, kisha nyumba ihamishiwe jina lake kama ndo mgao wake. Najua ni safari, na ndugu wengine hawataki hata kusikia, lakini hiyo nyumba bila mirathi ina matatizo makubwa kuliko 1,500 ya mwezi, kwa hiyo hata msamaha ukiuweka pembeni, fungueni.

Kama mbele ya nyumba kuna fremu za biashara au amepangisha vyumba, sema ukweli mapema. Msamaha ni wa makazi, na kuficha fremu ambayo kila mtu anaiona barabarani kunaharibu hata lile ambalo lingekubalika.

Mita mbili tatu kwenye nyumba moja, hasa zile zilizojengwa kwa awamu, kila mpangaji na mita yake, zinaweza kukatwa zote wakati kodi ni ya jengo sio ya mita. Orodhesha namba zote kwenye maombi hayo hayo, ukitaja moja tu zile nyingine zinaweza kuendelea kukatwa kama kawaida.

Vishoka, wale wanaojifanya mawakala, wapo nje ya ofisi nyingi, "mama nipe elfu thelathini namalizia mwenyewe". Usimpe mtu NIDA ya mzee wala hela. Peleka mwenyewe, kopi mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe urudi nayo, na uliza pia deni lililokwisha kujikusanya litafanywaje, maana miezi ambayo hukununua umeme inajumlishwa na inakatwa kwa mpigo ukinunua.

Mwezi unaofuata nunua umeme kidogo tu, soma meseji ya tokeni sehemu ya deni. Ukikuta bado wanakata, rudi na ile kopi yenye muhuri pamoja na meseji hiyo, usikubali kuanza maombi upya.