SOMO: Kiwango cha kiufundi kinavyopanda kutoka taifa hadi dunia, na kinavyorudi

Wakuu, tuanze na karatasi. Chukua A4, ikunje katikati. Unapata A5, na umbo ni lilelile, limepungua tu. Vipimo hivyo vya milimita 210 kwa 297 vilianza kama kiwango cha taifa moja, DIN 476 cha Ujerumani, mwaka 1922. Nchi nyingine zikaiga, na mwaka 1975 kikawa cha kimataifa, ISO 216. Sasa Ujerumani kwenyewe kinaitwa DIN EN ISO 216. Lisome jina hilo kuanzia kulia: ISO ni dunia, EN ni Ulaya, DIN ni taifa. Kiliondoka nyumbani na jina moja, kikarudi na matatu.

Hatua ya 1: Pendekezo. Kiwanda, maabara, chama cha walaji au mdhibiti anapeleka hoja kwa shirika la viwango la nchi yake. Wengi hudhani shirika ndilo linaloandika. Kazi yake ni kuitisha kikao na kutunza utaratibu. Wanaoandika ni kamati ya kiufundi, yaani wazalishaji, watumiaji, wasomi na watu wa serikali kwenye meza moja.

Hatua ya 2: Chagua ngazi. Jambo la udongo wa nchi yenu libaki kwenu. Bidhaa inayovuka mipaka ya majirani ipelekwe kanda. Kontena la meli halina cha kujadili, ni la dunia.

Hatua ya 3: Rasimu na maoni ya umma. Kanuni za Shirika la Biashara Duniani zinataka umma upewe angalau siku 60. Hapa ndipo pa kukaza. Maoni hujazwa kwenye jedwali: namba ya kifungu, hoja, sababu, na maneno mapya unayotaka yaingie. Ukiandika "kifungu cha 5 hakifai" ukaishia hapo, utajibiwa "imepokelewa" na rasimu itabaki kama ilivyo. Andika sentensi mbadala, nukta na koma zake zote.

Hatua ya 4: Kanda. Afrika ina shirika lake la viwango, ARSO, tangu 1977. Ulaya ina matatu: CEN, CENELEC (umeme) na ETSI (mawasiliano). Wenzetu wa Ulaya wamefungana kamba: kiwango cha EN kikipita, kila mwanachama hukipokea kama cha taifa na kufuta chake kinachopingana nacho.

Hatua ya 5: Dunia. ITU (1865) ni ya mawasiliano, IEC (1906) ya umeme, ISO (1947) karibu mengine yote. ISO kila nchi ina kiti kimoja. Rasimu ikikomaa hupigiwa kura kwa wiki 12. Hupita ikiungwa mkono na theluthi mbili ya wanachama washiriki (nchi zinazoshiriki kazi ya kamati husika) waliopiga kura, na kura za hapana zisizidi robo ya kura zote. Safari nzima huchukua kama miaka mitatu, na kiwango hukaguliwa upya angalau kila baada ya miaka 5.

MASWALI

Swali: Mkuu, kwa hiyo ISO ni sheria?
Jibu: Hapana, ni hiari. Huwa lazima pale nchi inapokitaja kiwango ndani ya sheria au kanuni zake. Marekani wanaendelea na karatasi yao ya milimita 216 kwa 279 na hakuna aliyewashitaki.

Swali: Nchi ndogo si isubiri tu, kisha inakili?
Jibu: Inaruhusiwa, na wengi hufanya hivyo. Ila kura ikifika, vipimo na mbinu za upimaji vimeshapangwa na waliokaa kwenye kikundi kazi tangu mwanzo. Kama mna mtaalamu mmoja tu, mpelekeni kwenye rasimu ya kwanza kuliko kwenye kura.

Swali: Na intaneti? Sijaona nchi zikiipigia kura.
Jibu: Umeona vizuri. Kule IETF, kundi linaloandika viwango vya intaneti, hakuna kiti cha nchi. Kila mtu anaingia kwa jina lake, na kazi kubwa hufanyika kwa baruapepe. Mwenyekiti akitaka kupima upepo ukumbini, huwaomba watu wavumishe sauti, "mmmm", akasikiliza upande upi umevuma zaidi.

Swali: Na aliyevuma peke yake?
Jibu: Anaulizwa sababu. Akionyesha kasoro ya kweli ya kiufundi, rasimu inarudi mezani hata kama ukumbi mzima ulivuma upande wa pili.