Kuandika hadithi ya watoto wasaka mizimu: anza na uongo, mzimu atafuata

Hadithi nyingi za kusaka mizimu ninazoletewa nihariri zina ugonjwa mmoja: mzimu anatokea ukurasa wa kwanza, halafu watoto hawana kazi ila kupiga mayowe. Msomaji wa miaka 8 hadi 12 hatishiki kirahisi hivyo. Kinachomnyima usingizi ni kufika shule kesho asijue atakaa na nani wakati wa mapumziko. Anzia kwenye woga huo.

Hatua ya 1: Mpate anayetaka kuingia kundini

Tuseme Riziki amehamia shule katikati ya muhula. Darasani wapo watatu wanaojiita Wasaka Mizimu. Wana daftari lao na ishara yao ya mkono, na wa nne hawamhitaji. Kila mmoja mpe kazi yake: Kombo huandika na kubeba kinasa sauti, Tatu huchora ramani, Shomari hajui lolote ila ndiye anayetoa amri (kila kundi linaye). Ukiona mmoja anaweza kuondoka na hadithi isitikisike, mwondoe.

Hatua ya 2: Mwache aseme uongo

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Riziki hana cha kuwapa, kwa hiyo anasema ameshamwona mzimu.

“Ulimwona wapi?” Kombo aliuliza, kalamu mkononi.

“Juu. Penye ngazi.”

“Kavaa nini?”

Nguo Riziki hakuwa amezifikiria. “Sweta,” alisema, maana macho yake yalikuwa kwenye sweta ya Kombo.

“Mzimu na sweta wapi na wapi?”

“Anasikia baridi.”

Tatu akasogea kwenye benchi. Ikabaki nafasi ya mtu mmoja.

Hakuna aliyesema “karibu”, wala mwandishi hakutuambia Riziki alijisikiaje. Benchi limetosha. Kuanzia hapo kila sura imdai: leo aonyeshe ngazi, kesho achore uso, keshokutwa Shomari anataka walale huko huko.

Ukidhani uongo wa watoto hauwezi kubeba kitabu kizima, wakumbuke Margaret na Kate Fox. Mwaka 1848, huko Hydesville katika jimbo la New York, Marekani, mabinti hawa wawili walidai kuwa milio ya kugonga nyumbani kwao ilitoka kwa roho. Watu wakaamini, na desturi ya kuzungumza na wafu ikaenea hadi ng'ambo ya bahari. Mwaka 1888, Margaret alipanda jukwaani akaonyesha umati kwamba milio ile aliitoa kwa viungo vya vidole vya miguu. Mwaka uliofuata akaikana kauli hiyo ya jukwaani. Miaka 40! Waliowaamini ndio waliowafunga ndani ya uongo wao, na Kombo na daftari lake atamfunga Riziki vivyo hivyo.

Hatua ya 3: Panda dalili zenye maelezo

Sakafu ya mbao hulia usiku kwa sababu inapoa na kusinyaa. Vumbi lililo karibu na lenzi likimulikwa na flashi hutoka pichani kama duara jeupe. Ninayoipenda zaidi ni ya mhandisi Mwingereza, Vic Tandy. Akiwa maabara usiku, alihisi ubaridi na kuona kitu cha kijivu pembeni mwa jicho. Kesho yake upanga wake wa michezo, aliokuwa ameubana kwenye jiliwa, ukaanza kutetemeka wenyewe. Mwenye kosa alikuwa feni, iliyotoa mtetemo wa takriban hezi 19, chini ya uwezo wa sikio kusikia. Aliyaandika hayo mwaka 1998.

Mtu mzima asije kueleza mambo haya. Tatu azime feni mwenyewe, aone. Dalili moja tu iache bila jibu, na iwe ile iliyoonekana ndogo kuliko zote.

Hatua ya 4: Mlete mzimu wakati mbaya

Uongo umefichuka. Shomari amemfuta Riziki daftarini, benchi limejaa tena. Jioni hiyo hiyo, penye ngazi, Riziki anamwona mtu amevaa sweta.

Sasa anahitaji kuaminiwa, na imani yote ameshaitumia. Nani atarudi? Waandishi wengi humleta rafiki akiwa na ushahidi: amesikiliza kinasa sauti, amesikia pumzi, anakuja mbio. Mimi huukata ushahidi huo bila huruma. Akija baada ya kusikia pumzi, amemfuata mzimu. Tatu aje mikono mitupu, bado amekasirika, aseme, “Bado nimekununia. Twende.” Msamaha wenyewe usizidi mistari miwili, watoto hawahutubiani.

Hatua ya 5: Punguza, kisha soma kwa sauti

Kwenye soko la Kiingereza riwaya za rika hili huwa na maneno 30,000 hadi 50,000 hivi. Kiswahili hubana sentensi nzima katika neno moja, kwa hiyo ukipungukiwa usijaze maji. Wazazi wa wahusika watafutie shughuli mapema, betri ya tochi isiishe kwa bahati mbaya zaidi ya mara moja, kisha wasomee watoto halisi. Usiwaulize kama wamependa, maana watakwambia ndiyo kwa adabu. Weka alama pale wanapoanza kuchezea viatu, na kesho yake anza kufuta hapo.